Kikao cha Wazazi na Walimu Kuhusu Elimu ya Watoto Wetu Weusi Marekani: Mwongozo Kamili kwa Familia Zinazozungumza Kiswahili

Kila muhula unapoanza napata swali lilelile kutoka kwa wazazi Wakongomani, Watanzania na Wakenya wanaolea watoto Marekani, na siku hizi hata kutoka kwa walimu: "Tuliandaa kikao tuzungumzie kwa nini watoto wetu wanasimamishwa masomo mara kwa mara. Viti vingi vilibaki vitupu. Waliokuja walinyamaza, wakanywa chai, wakaaga. Tumekosea wapi?"

Nimekalimani vikao vya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na mara nyingi nimeona kosa ni moja. Shule huandaa ajenda, viti na vitafunio, lakini hakuna anayeandaa lugha. Mzazi anaingia chumbani akiwa hana maneno ya kuulizia kinachomuumiza, na saa moja haitoshi kuyatafuta.

Mwongozo huu ni wa yeyote atakayeitisha kikao: mzazi, mwalimu, mchungaji, imamu au kiongozi wa jumuiya. Umelenga shule za serikali za Marekani, na kikao cha familia 10 hadi 15. Zikizidi hapo, fanyeni vikao viwili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Wiki 4 za maandalizi. Chini ya hapo mtakimbizana.
- Mkalimani mtu mzima. Kikao kikizidi saa moja, wawe wawili wapokezane.
- Karatasi ya maneno (Hatua ya 3), nakala kwa kila familia na kila mwalimu.
- Takwimu za adhabu za shule yenu wenyewe.
- Kundi la WhatsApp la wazazi, kwa ujumbe wa sauti.
- Mwandishi wa kikao na daftari. Asiwe mwenyekiti wala mkalimani.
- Mtu wa kukaa na watoto wadogo chumba cha pili, pamoja na chakula.

## Hatua ya 1: Chagueni swali moja

"Elimu ya watoto weusi" ni bahari. Kikao kikibeba kichwa kikubwa hivyo, kila mtu atatoa kilio chake na hakuna kitakachojibiwa. Chagueni jambo moja linaloweza kupata jibu. Kwa mfano: Kwa nini wavulana wetu wa darasa la sita wanatolewa nje ya darasa? Kwa nini mtoto aliyekaa miaka minne katika darasa la Kiingereza kwa wageni hajatoka? Kwa nini hakuna hata mmoja wa watoto wetu aliyependekezwa kwa masomo ya wenye vipawa?

Kisha tafuteni namba. Wizara ya Elimu ya Marekani hukusanya takwimu za haki za kiraia kutoka shule za serikali nchi nzima, na unaweza kutazama shule yako peke yake. Katika mwaka wa masomo 2017/18, wanafunzi weusi walikuwa takriban asilimia 15 ya wanafunzi wote wa nchi, lakini walikuwa asilimia 38 hivi ya waliosimamishwa masomo nje ya shule. Namba hizo ni za nchi. Mwombeni mkuu wa shule namba za kwenu, kwa maandishi, wiki tatu kabla ya kikao.

Onyo: msizitumie namba kama fimbo. Mwalimu akihisi ameitwa kushitakiwa, atajilinda badala ya kueleza. Ziwekeni mezani kisha ulizeni, "Ninyi mnalielezaje hili?"

Utajua umefaulu mzazi yeyote atakapoweza kulitamka swali hilo kwa pumzi moja bila kusoma.

## Hatua ya 2: Tafuteni mkalimani, kisha mpimeni

Mtoto asikalimani. Nalisema hili kwanza kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Binti wa miaka 13 alikaa kati ya mama yake na mwalimu. Mwalimu alieleza kwamba shule inataka kumfanyia mdogo wake tathmini ya ulemavu wa kujifunza. Binti alimtazama mama, akaona aibu, akasema, "Wanataka kumpima macho." Mama akatia sahihi. Binti hakuwa mwongo. Alikuwa anamlinda mama yake na mzigo ambao hakupaswa kuubeba.

Sheria iko upande wenu. Sehemu ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa rangi na wa asili ya taifa katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau v. Nichols ya 1974 ulihusisha lugha na ulinzi huo. Kwa vikao vya elimu maalumu sheria inasema waziwazi zaidi: shule lazima ihakikishe mzazi anaelewa kikao, ikiwa ni pamoja na kumletea mkalimani. Kwa hiyo usiombe kana kwamba unaomba hisani. Andika: "Naomba mkalimani wa Kiswahili kwa kikao cha tarehe fulani." Weka nakala.

Halafu ulizeni: Kiswahili kipi? Shule nyingi zikiona neno Kongo huandika Kiswahili au Kifaransa, basi. Lakini mama aliyetoka Uvira, Kongo, kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, huenda anaota ndoto zake kwa Kibembe au Kifuliiru, na Kiswahili chake si kile cha mkalimani wa Mombasa. Mmoja anasema "ripoti ya shule", mwenzake anasema "bulletin". Mmoja anasema "shule", mwenzake anasema "masomo". Mambo madogo hayo yakikusanyika kumi ndani ya dakika tano, mtu huacha kusikiliza.

Mpimeni mkalimani kwa simu siku chache kabla. Mpeni sentensi tatu ngumu za Kiingereza za shule, azitafsiri mbele ya wazazi wawili wa asili tofauti. Wazazi hao ndio watakaosema kama wameelewa.

Onyo: msitegemee programu ya kutafsiri kwenye simu kwa mazungumzo ya rangi na haki. Neno "race" linaweza kugeuka kuwa "mbio".

## Hatua ya 3: Tengenezeni karatasi ya maneno

Hapa ndipo vikao vingi hufia, na hapa ndipo nakuomba utumie muda wako mwingi. Maneno ya shule ya Marekani yakitafsiriwa juujuu huwa na maana nyingine kabisa katika sikio la Mswahili. Anzeni na haya.

Discipline. Wengi hutafsiri "nidhamu". Kwetu nidhamu ni sifa njema. Mzazi akialikwa kwenye "mkutano wa nidhamu" anaweza kuja amevaa vizuri akidhani mwanawe anapongezwa. Semeni "adhabu" au "utaratibu wa adhabu".

Behavior. Neno hili limeumiza watoto wengi. Tukisema "tabia" tunamaanisha jinsi mtu alivyo, kitu kisichong'oka; ndiyo maana tunasema tabia ni ngozi ya mwili. Mwalimu anazungumzia kitendo cha asubuhi ile: alisimama bila ruhusa. Mzazi anasikia kwamba mwanawe ni mtu mbaya, na akifika nyumbani mkono unaweza kutangulia. Semeni "alichofanya".

Suspension. "Kusimamishwa masomo kwa siku kadhaa." Taja siku, kwa sababu wapo wanaosikia "kufukuzwa" na kuacha kumpeleka mtoto moja kwa moja. Ongezeni haki inayoambatana nalo: tangu uamuzi wa Goss v. Lopez wa 1975, kesi iliyoanzia Columbus, Ohio, mwanafunzi wa shule ya serikali anayesimamishwa hadi siku 10 lazima aambiwe anatuhumiwa nini na apewe nafasi ya kueleza upande wake.

Special education. Kwa Mtanzania, "elimu maalumu" huleta picha ya shule ya wasioona au viziwi. Mama anasikia kwamba mwanawe amekuwa mlemavu. Elezeni kwa urefu: "msaada wa ziada kwa mtoto anayepata shida ya kusoma, kusikiliza, kutulia, au nyingine, wakati mwingi akiwa ndani ya darasa la kawaida." Neno IEP liacheni kama lilivyo, kwa kuwa ndilo litakaloandikwa kwenye karatasi zote, liambatanisheni na maelezo "mpango wa maandishi wa msaada wa mtoto huyu".

Hapa pana makosa ya pande mbili, na yote yanawapata watoto wetu. Kuna mtoto anayeitwa mwenye ulemavu kumbe hajajua Kiingereza tu. Kuna mwingine ana shida ya kweli lakini kila mwaka mzazi anaambiwa, "Tusubiri Kiingereza kikue." Sheria ya elimu ya wenye ulemavu inakataza la kwanza: mtoto hawezi kuhesabiwa mwenye ulemavu kama sababu kubwa ni Kiingereza kichache au kukosa kufundishwa kusoma na hesabu ipasavyo. La pili linajibiwa na mzazi mwenyewe: anaweza kuomba tathmini kwa maandishi, na kwa kawaida tathmini ya kwanza haifanyiki bila sahihi yake ya kukubali.

Race. "Rangi", na "ubaguzi wa rangi" panapohusika. Wazazi wengi waliokulia Bukavu au Kigoma hawakuwahi kujiita "mweusi", kwa kuwa kule kila mtu alikuwa mweusi. Walijiita kwa kabila, kijiji na dini. Mtoto wao anajua jambo hili mapema kuliko wao, kwa kuwa yeye hukaa darasani muda wa saa saba kila siku akitazamwa hivyo. Liandikeni neno hilo kwenye karatasi ili mzazi apate pa kuanzia na mwanawe pia.

Ongezeni maneno mengine sita au saba ya shule yenu, lakini jumla isizidi kumi na mbili. Karatasi iwe na Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na mfano mmoja chini ya kila neno. Rekodini pia kwa sauti, kwa wasiosoma.

Utajua umefaulu mzazi akianza kubishana nanyi kuhusu tafsiri. Anayebishana ameelewa.

## Hatua ya 4: Wazazi wakutane peke yao kwanza

Wiki moja kabla, bila mwalimu hata mmoja. Nyumbani kwa mtu, kanisani au msikitini. Kwetu mwalimu ni mzazi wa pili, na mzazi akiitwa shuleni ujue kuna balaa. Kumpinga mwalimu hadharani ni utovu wa adabu. Mzazi hawezi kuvua malezi hayo mlangoni, ndani ya dakika moja. Anahitaji kusikia wenzake wakisema, "Hata wangu yamempata."

Fanyeni mambo mawili. Kwanza, kila mzazi aeleze tukio moja: siku gani, nani alisema nini, mtoto alisema nini. Hisia zina nafasi yake, lakini tukio ndilo mwalimu anaweza kulifuatilia. Pili, kubalianeni ombi moja la pamoja.

Lipo jambo la tatu ambalo watu huliogopa. Walimu Marekani wanawajibika kisheria kuripoti wanaposhuku mtoto anapigwa au kuumizwa. Wazazi wengi hunyamaza kwenye vikao kwa hofu kwamba watachukuliwa watoto. Waelezeni mapema mambo yalivyo, ili wajue wanachoweza kusema kwa uhuru: saa za kulala, kazi za nyumbani, lugha ya nyumbani, miaka ambayo mtoto hakusoma kambini. Na waelezeni pia kwamba fimbo tuliyokulia nayo ina gharama kubwa hapa, na kwa maoni yangu haijawahi kumfundisha mtoto hesabu.

Hofu nyingine ni ya karatasi za uhamiaji. Tangu uamuzi wa Plyler v. Doe wa 1982, shule ya serikali haiwezi kumnyima mtoto elimu ya msingi na sekondari kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Nawasihi pia muwaalike wazazi Wamarekani weusi wawili au watatu wa shule hiyohiyo. Najua maneno yanayosemwa sebuleni kwetu: "Sisi si kama wale." Mwalimu anayewahi kumwadhibu mtoto mweusi haulizi kwanza kama bibi yake alizaliwa Alabama au Kalemie. Na hizo sheria tunazozishika mkononi, kuanzia uamuzi wa Brown wa 1954, uliokataza kutenganisha shule kwa rangi, hadi ile Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, zilipatikana kwa watu wao kupigwa na kufungwa. Wanazijua njia za wilaya yenu kuliko mimi na wewe.

## Hatua ya 5: Mwaliko

Tumeni ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, utolewe na mtu anayeheshimiwa. Barua ya shule ifuate baadaye.

Tajeni saa kwa njia mbili: "saa kumi na mbili jioni, yaani simu yako itaonyesha 6:00 PM." Mwaliko ulioandikwa "saa 6" unaweza kumleta mtu mchana.

Wengi wanafanya zamu za jioni kwenye viwanda vya nyama na maghala, kwa hiyo Jumamosi au Jumapili baada ya ibada ndiyo nafasi yao. Kama kuna familia za Kiislamu, angalieni muda wa magharibi.

## Hatua ya 6: Waandaeni walimu

Dakika 30 na walimu, siku mbili kabla, zinaokoa kikao kizima. Waelezeni haya kwa heshima, maana wengi wao wana nia njema na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Mtoto anayeinamisha macho anaposemeshwa na mkubwa anaonyesha adabu. Kulazimishwa kutazama usoni ni kumtaka avunje alichofundishwa nyumbani. Mzazi anayesema "ndiyo, mwalimu, ndiyo" huenda anaitikia kwamba anasikia, hajakubali bado. Mzazi asiyekuja shuleni huenda anamwachia mwalimu kazi yake kwa kumwamini.

Waambieni pia kwamba kijana wa miaka 15 aliyewekwa darasa la tisa kwa sababu ya umri huenda alisoma miaka mitano tu, kwa vipindi, kati ya vita na kambi. Akitania na kuvuruga somo la aljebra, mara nyingi anaficha kwamba hajui kugawanya. Adhabu haitamfundisha kugawanya.

Waombeni wazungumze sentensi mbili mbili kisha wamwachie mkalimani, wamtazame mzazi badala ya mkalimani, na wajifunze kutamka majina ya watoto. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana.

## Siku yenyewe (Hatua ya 7)

Pangeni viti kwa duara. Meza ndefu yenye walimu upande mmoja ni mahakama.

Anzeni na salamu kamili, na salamu zetu zina urefu wake. Dua fupi ikiwa wote wameridhia. Kisha wazazi watangulie kusema, kwa Kiswahili, na Kiingereza kifuate. Mpangilio huu una sababu: mara tu Kiingereza kikitangulia, chumba kinakuwa cha shule na wazazi wanageuka wageni. Kiswahili kikitangulia, walimu ndio wanaosubiri tafsiri, na wanaonja kwa dakika tano kile mzazi anachokionja mwaka mzima.

Wazazi watatu wasimulie matukio yao, dakika tatu kila mmoja. Walimu wajibu kwa kueleza utaratibu: nani anaamua mtoto atolewe darasani, mzazi anaarifiwa vipi, kwa lugha gani. Kisha takwimu za shule. Kisha ombi la pamoja.

Muda wa kunyamaza uruhusiwe. Mkubwa akiulizwa jambo zito huwa anatafakari kwanza, na mwenyekiti asikimbilie kuujaza ukimya huo.

Onyo: kesi ya mtoto mmoja isichambuliwe mbele ya wote. Mzazi akianza kutaja siri za mwanawe, mwombe kwa upole mkutane kando.

Onyo la pili: hakuna kutia sahihi karatasi yoyote siku hiyo. Mzazi ana haki ya kwenda nayo nyumbani, isomwe kwa lugha yake.

Utajua umefaulu ukisikia mwalimu akiuliza swali ambalo hajui jibu lake. Niliwahi kumsikia mmoja akimuuliza baba wa Kibembe, "Nyumbani, nani humtuliza akikasirika?" Baba akajibu kwamba ni nyanya yake, kwa kumpa kazi ya mikono. Wiki iliyofuata mtoto yule alikuwa ndiye msambazaji wa vitabu darasani, na barua za adhabu zikapungua.

## Hatua ya 8: Maandishi ndani ya siku mbili

Mwandishi aandike barua fupi kwa mkuu wa shule: tulikutana tarehe hii, tuliomba hiki, mlisema hivi, tunasubiri jibu kufikia tarehe hii. Barua moja, sahihi za wazazi wote wanaokubali. Maneno matupu mkuu wa shule akihama yanahama naye.

Kila mzazi mwenye shaka aombe pia faili la mwanawe. Sheria ya kumbukumbu za elimu ya 1974 inampa haki ya kulitazama, na shule haipaswi kupitisha siku 45 tangu ombi. Humo ndani hupatikana adhabu ambazo mzazi hakuwahi kuambiwa.

## Hatua ya 9: Shule ikikaa kimya

Pandeni ngazi kwa mpangilio: mkuu wa shule, ofisi ya wilaya, bodi ya shule. Mikutano ya bodi kwa kawaida huwa na muda wa wananchi kuzungumza, dakika chache kila mmoja, na mzazi anayesema kwa Kiswahili kando ya mkalimani wake husikika mbali.

Kama kuna dalili za ubaguzi wa rangi au wa lugha, malalamiko yanaweza kupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tukio. Hesabuni siku hizo kuanzia tukio lenyewe, msihesabu kuanzia kikao. Nimeona familia zenye haki zote mikononi zikikosa kwa sababu zilisubiri kwa subira na adabu hadi mwezi wa saba tangu tukio.

Jibu likija, zuri au baya, lirekodini kwa Kiswahili na mlitume kwenye kundi la wazazi jioni ileile, pamoja na tarehe ya kikao kijacho na jina la atakayepika.